Jinsi ya Kujenga Mnara Wako wa Simu na Kuupangisha: Mwongozo kwa Wenye Ardhi wa Arusha na Moshi

Kuanzia Ngaramtoni hadi Kibosho, wenye viwanja vilivyoinuka huuliza maswali yaleyale matatu: je, mtu binafsi anaruhusiwa kujenga mnara wa simu na kuupangisha, kampuni hulipa kiasi gani, na mtu aanzie wapi. Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, akiwa na kampuni yenye leseni. Swali la pili halina jibu moja, kwa kuwa kodi ya mnara hutegemea mahali ulipo, uzito wa vifaa vitakavyofungwa na upande unaobeba gharama za umeme. Swali la tatu ndilo linalojibiwa hapa kwa kirefu. Anza na mpangaji, na zege liwe miongoni mwa mambo ya mwisho kabisa.

Kabla ya yote, tofautisha biashara mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuipangisha ardhi yako kwa kampuni ya minara, ambayo itajenga, itaendesha na itakulipa kodi ya ardhi tu. Ya pili ni kuumiliki mnara wenyewe na kuwapangisha kampuni za simu nafasi juu yake. Hapa nchini kampuni za simu zimekwisha kuuza sehemu kubwa ya minara yao: Helios Towers ilinunua minara ya Tigo, ambayo leo inaitwa Yas, kisha ikanunua ya Vodacom, na Airtel nayo ikauza yake kwa mwekezaji mwingine. Kwa hiyo ukijenga mnara wako utakuwa sokoni pamoja na kampuni zenye maelfu ya minara, na silaha yako pekee ni eneo ambalo wao hawana. Kwa maoni yangu, mtu mwenye kiwanja kimoja na mtaji wa kukopa afikirie kwanza biashara ile ya kwanza. Mwongozo huu ni wa yule ambaye amefikiri na bado anataka ya pili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Eneo la angalau mita 15 kwa 15 kwa mnara wa chuma unaosimama kwa miguu yake, lenye njia ambayo lori linaweza kupita hata wakati wa masika. Mnara unaoshikiliwa na nyaya hutumia chuma kidogo na bei yake ni nafuu, lakini nyaya zake huhitaji uwanja mpana ambao kihamba cha kawaida, yaani shamba la ukoo la Wachaga, hakina.
- Nyaraka za umiliki wa ardhi zisizo na mgogoro.
- Kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na namba ya mlipakodi kutoka TRA.
- Vipimo vya GPS vya eneo: latitudo, longitudo na mwinuko kutoka usawa wa bahari.
- Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi katika daraja linaloruhusu kazi ya ukubwa huo.
- Mtaji, pamoja na akiba ya kuendeshea mnara kwa miezi ambayo kodi itakuwa haijaanza kuingia.

Hatua ya 1: Thibitisha kwamba eneo lako linahitajika

Wengi huamini kwamba kilima kirefu kuliko vyote ndicho bora. Kampuni ya simu hutafuta mahali palipo karibu na watu, na mnara uliopandishwa juu mno hurusha mawimbi mbali hadi yakaingiliana na ya minara mingine. Katika miteremko ya Machame, Uru na Marangu tatizo halisi ni makorongo: nyumba iliyo upande wa pili wa mgongo wa kilima inaweza kukosa mawimbi ilhali mnara uko kilomita moja tu kutoka hapo. Eneo linalochungulia ndani ya korongo lenye nyumba nyingi linaweza kuwa na thamani kuliko kilele kinachoonekana kutoka barabara kuu.

Chukua simu zenye laini za Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL, kisha uzunguke kwa miguu ndani ya kilomita mbili au tatu kutoka kwenye eneo lako. Mipangilio ya simu nyingi huonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, kipimo ambacho husomeka kwa namba hasi. Kwa 4G, namba inayofikia -110 au kushuka zaidi ni dalili ya mawimbi dhaifu. Andika namba hizo pamoja na mahali ulipozipima. Rudia zoezi hilo usiku, wakati watu wengi wako nyumbani, kwa sababu katika kata zinazojaa haraka kama Muriet mawimbi huweza kuwa imara huku intaneti ikisuasua. Huko kinachopungua ni uwezo wa mitambo iliyopo kuhudumia watu wote kwa pamoja, na hilo nalo ni hitaji ambalo kampuni hulilipia.

Sambamba na hayo, tazama minara iliyopo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na kanuni zake zinahimiza kampuni kuchangia miundombinu, hivyo ikiwa upo mnara wenye nafasi mita mia chache kutoka kwako, kampuni itakwenda huko kabla ya kuja kwako. Kama uko kijijini, ulizia katika halmashauri kama kata yenu imo katika miradi ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mwaka 2023 Mfuko huo ulisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini kwa ruzuku, na kampuni iliyokwisha kupewa ruzuku katika kata yako haina sababu ya kupanga kwako.

Jambo la mwisho la kukagua ni njia ya kuunganisha mnara wako na mtandao. Ikiwa mkongo wa mawasiliano haupiti karibu, kampuni itatumia dishi, na dishi linahitaji kuona mnara mwingine bila kizuizi. Migrevilea ya jirani ambayo leo ina mita 10 itakuwa imeongezeka sana kabla mkataba wako haujafika nusu.

Hatua ya 2: Pata barua ya nia kutoka kwa mpangaji wa kwanza

Andikia idara ya mipango ya mtandao ya kila kampuni. Barua iwe fupi, ikiambatana na vipimo vya GPS, jedwali la mawimbi uliyoyapima, picha za mandhari kwa pande zote nne, urefu wa mnara unaopendekeza, umbali hadi laini ya TANESCO, na hali ya umiliki wa ardhi. Mhandisi atakayeipokea anataka kuliweka eneo lako kwenye ramani yake, na dakika chache zinamtosha kuona kama linajaza pengo. Usijaze barua kwa maneno ya kusifia kiwanja.

Usiendelee bila jibu la maandishi linaloonyesha nia. Ahadi ya mdomo ya mfanyakazi mmoja, hata awe mwema kiasi gani, si mkataba na haiwezi kuonyeshwa benki.

Onyo: jihadhari na watu wanaopiga simu au kutuma ujumbe wakidai kwamba kiwanja chako kimechaguliwa kwa ajili ya mnara na kwamba unatakiwa kulipia ada ya usajili au ya upimaji. Kampuni inayotaka eneo lako ndiyo inayokulipa. Akitokea mtu wa namna hiyo, usitume fedha wala nakala ya hati.

Hatua ya 3: Fanya hesabu kwa wapangaji wawili

Chukua mfano huu wa kuonyesha hesabu tu, kwani namba zako zitatoka kwenye nukuu za bei utakazopewa. Tuseme mnara umekugharimu shilingi milioni 150, na baada ya kuondoa ulinzi, matengenezo na kodi za serikali, mpangaji mmoja anakuachia shilingi milioni 1.2 kwa mwezi. Utarudisha mtaji kwa miezi 125, yaani zaidi ya miaka 10. Akija mpangaji wa pili anayekuachia milioni 1, muda huo ungekuwa miezi 69 hivi kama wote wangeanza pamoja. Uhai wa biashara hii uko kwa mpangaji wa pili, na ndiyo maana mnara usanifiwe tangu mwanzo kubeba kampuni tatu. Kuimarisha mnara uliokwisha kusimama ni kazi ghali, na mara nyingine haiwezekani kabisa kwa sababu ya msingi.

Kumbuka pia kwamba kampuni inayopanga hukata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango na kuipeleka TRA, na kwamba mauzo yako yakifikia shilingi milioni 200 kwa mwaka utatakiwa kujisajili kwa VAT.

Hatua ya 4: Omba leseni TCRA

Kumiliki mnara na kuupangisha kwa watoa huduma ni shughuli inayohitaji leseni ya miundombinu ya mtandao kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Leseni hizo hutolewa kwa ngazi, kuanzia ya kimataifa na ya kitaifa hadi ya mkoa na ya wilaya, na mwenye mnara mmoja au miwili aanze kwa kuuliza kuhusu ngazi za chini. TCRA ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini jijini Arusha. Nenda ukapate orodha ya sasa ya viambatanisho na ada kabla hujaandaa chochote. Kosa la kawaida ni kujenga kwanza kwa matumaini kwamba leseni itafuata.

Hatua ya 5: Safisha umiliki wa ardhi

Hapa ndipo miradi mingi ya mkoa wa Kilimanjaro inapokwama, na pia ndipo panapohitaji uvumilivu kuliko pengine popote. Kihamba ni mali yenye historia ya ukoo, na jina lililo kwenye karatasi mara nyingi si la mtu pekee mwenye haki. Ndugu aliyeko Dar es Salaam hatasema neno mnara ukijengwa, lakini kodi ya kwanza ikilipwa atakuja na wakili. Itisha kikao cha ukoo, andika muhtasari, kila mwenye haki atie saini, na mtendaji wa kijiji ashuhudie. Ikiwa ardhi bado ni ya marehemu, malizeni mirathi mahakamani kwanza, kwa kuwa kampuni haitaingia mkataba na msimamizi asiyeteuliwa.

Mwenye ndoa apate ridhaa ya maandishi ya mwenzi wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba ya wanandoa, na wanasheria wa kampuni za simu huitafuta karatasi hiyo mapema.

Kwa ardhi ya kijiji, fuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kupitia Halmashauri ya Kijiji, na upate hati ya hakimiliki ya kimila. Kwa kiwanja cha mjini, hakikisha hati ina miaka mingi iliyobaki kuliko muda wa mkataba unaokusudia kuusaini, kisha uulize ofisi ya mipango miji kama unahitaji kubadili matumizi ya ardhi. Usikae karibu na mpaka wa hifadhi ya Kilimanjaro, ya Arusha au ya msitu bila kupimiwa upya na mpima ardhi.

Hatua ya 6: Kusanya vibali

Vibali hivi vinaweza kuombwa kwa pamoja, lakini vyote viwe mkononi kabla ya kuchimba.

1. Kibali cha ujenzi kutoka halmashauri husika, pamoja na muhtasari wa kikao cha mtaa au kijiji unaoonyesha kwamba majirani walishirikishwa.
2. Idhini ya mazingira kutoka NEMC, baraza la taifa la mazingira, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Tumia mtaalamu wa tathmini ya mazingira aliyesajiliwa.
3. Kibali cha urefu kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Usikichukulie kwa wepesi katika ukanda huu: kuna Uwanja wa Ndege wa Arusha pale Kisongo, Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) katikati ya miji hii miwili, uwanja mdogo wa Moshi, na helikopta zinazoshusha wagonjwa kutoka mlimani. Mamlaka inaweza kukupunguzia urefu au kukutaka upake mnara rangi nyekundu na nyeupe na kuweka taa nyekundu kileleni.
4. Maelekezo ya Tume ya Nguvu za Atomiki kuhusu upimaji wa mionzi. Ofisi na maabara za Tume zipo Njiro, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mkazi wa Arusha.
5. Usajili wa eneo la kazi OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, kwa kuwa kuna watu watakaopanda juu.

Hatua ya 7: Saini mkataba wa pango

Mkataba usainiwe baada ya vibali kuonekana kwamba vitapatikana na kabla ya kumwaga zege. Muda wa kawaida unaostahili kuudai ni miaka 10 au zaidi, kodi ikilipwa mapema kwa robo mwaka. Hakikisha yafuatayo yameandikwa waziwazi: tarehe kodi inapoanza, kiwango cha kuipandisha kila mwaka, sarafu ya malipo, urefu halisi ambao antena zitafungwa, na ukubwa wa vifaa hivyo kwa mita za mraba. Jambo hilo la mwisho husahaulika. Mnara hauelemewi na uzito wa antena pekee. Adui yake mkubwa ni upepo unaosukuma sura ya kila kifaa, na kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne. Mpangaji anayeongeza dishi lisilokuwemo kwenye mkataba anakula nafasi ya mpangaji wako wa pili.

Soma kwa makini kifungu cha upatikanaji wa umeme. Ukiahidi asilimia 99.9, umekubali kwamba umeme kwenye mitambo usikatike zaidi ya dakika 43 kwa mwezi mzima, na kila dakika ya ziada inaweza kukatwa kwenye kodi. Asilimia 99.5 inakupa saa 3 na dakika 36. Kama ni mnara wako wa kwanza, jitahidi mpangaji abebe umeme wake mwenyewe, nawe ubaki na chuma, uzio na ulinzi.

Hatua ya 8: Jenga msingi, kisha simamisha mnara

Upimaji wa udongo usirukwe kwa sababu yoyote. Udongo wa volkano wa miteremko hutofautiana ndani ya mita chache, na kwenye tambarare za kusini utakuta udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Mhandisi asanifu msingi kutokana na ripoti ya kiwanja chako. Michoro iliyonakiliwa kutoka mnara wa mahali pengine haifai.

Panga kuchimba na kumwaga zege Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Masika ya Machi hadi Mei hujaza mashimo maji na kuzamisha malori. Boliti za kushikia miguu zifungwe kwenye fremu ya chuma kabla ya zege kumwagwa, kwani kosa la milimita chache chini huonekana kileleni. Chukua vipande vya zege vya milimita 150 kwa ajili ya maabara, vipimwe baada ya siku 7 na siku 28, na zege lenyewe limwagiliwe maji kwa angalau siku 7 za kwanza. Fundi anayekuhimiza kusimamisha chuma mapema ili awahi kazi nyingine, mkatalie.

Chuma kiwe kimechovywa kwenye zinki kiwandani. Mtu asitoboe wala kuchomelea kipande chochote saitini, kwa maana pale zinki inapotoka ndipo kutu inapoingia. Wapandaji wote wavae mikanda ya usalama, na kazi ya juu isimame upepo unapozidi au mawingu ya radi yanapokaribia. Mnara ukikamilika, mhandisi apime unyoofu wake na ukazaji wa boliti, kisha akupe ripoti yenye saini. Kila mpangaji ataidai.

Hatua ya 9: Weka ethi, kinga ya radi na umeme

Ethi ni njia ya kupeleka umeme wa radi au wa hitilafu ardhini. Zungusha waya wa shaba ardhini kuuzunguka mnara, na uunganishe humo miguu, uzio, makabati ya mitambo na jenereta. Lenga ukinzani usiozidi ohmu 5. Kipimo kifanyike wakati wa kiangazi, kwa kuwa udongo uliolowa hutoa namba nzuri ambayo haitakuwepo Septemba, na mwamba mkavu wa volkano haupitishi umeme kwa urahisi. Ikibidi, ongeza fito za shaba na chimba kwa kina zaidi.

Kwa umeme, fanya hesabu ya mzigo mapema. Mitambo inayotumia kilowati 2 mfululizo hula uniti 48 kwa siku. Betri ya volti 48 yenye saa-ampea 100 ina takriban uniti 4.8, hivyo haiwezi kushikilia mzigo huo hata kwa saa mbili na nusu. Ukikata tamaa na laini ya TANESCO ya eneo lako, sola pamoja na betri za lithiamu ni bora kuliko kutegemea dizeli peke yake, hasa kwenye njia ambazo gari la mafuta halifiki wakati wa mvua.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyashughulikia

*Kampuni zote zimekaa kimya.* Subiri miezi michache, kisha tuma tena vipimo vipya vya mawimbi. Bajeti za ujenzi wa mtandao hupangwa kwa mwaka, na eneo lililokataliwa leo linaweza kuingia kwenye mpango ujao. Wasiliana pia na kampuni za minara na watoa huduma za intaneti.

*Majirani wanahofia mionzi.* Waheshimu, na usiwajibu kwa maneno matupu. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama eksirei, na viwango vyake hupungua haraka kadiri mtu anavyokwenda mbali na antena. Iombe Tume ya Nguvu za Atomiki ipime baada ya mitambo kuwashwa, kisha ripoti isomwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji.

*Betri, dizeli au waya wa shaba vimeibwa.* Ajiri mlinzi wa kijiji hichohicho na umlipe kwa wakati. Fukia shaba na kuizungushia zege sehemu zinazochomoza, funga betri kwenye kabati la chuma lililopigiliwa sakafuni, na kila ujazo wa mafuta uandikwe kwenye daftari lenye saini mbili.

*Mpangaji wa pili anasema mnara umejaa.* Linganisha vifaa vilivyoko juu na orodha ya mkataba wa kwanza. Mara nyingi utakuta dishi za zamani ambazo hazitumiki. Mpangaji wa kwanza atakiwe kuziondoa au kuzilipia.

*Mpangaji anataka kuondoka kabla ya muda.* Kinachokulinda ni kifungu cha notisi na fidia, ambacho kilipaswa kuwemo tangu hatua ya 7. Kama kimo, dai kodi ya muda wa notisi kwa maandishi, kagua boliti na mabano yote akishashusha vifaa vyake, na uandikie kampuni nyingine siku hiyohiyo ukiwaambia urefu gani umebaki wazi.